Sahani Moja Irudi Tupu

Upanga, Dar es Salaam
12 Januari 2026

Mpenzi Zain,

Salaam nyingi. Mimi mzima. Jicho la kulia limeshafanyiwa operesheni na sasa naona mpaka vumbi lililo juu ya makabati ya binti yangu Zahabia, jambo ambalo halijamfurahisha. Mumewe mzima. Wajukuu wazima, wanakula vitu vinavyotoka kwenye maboksi. Baba yako alipiga simu kutoka Dodoma kuniuliza kama umefika Mwanza salama. Nikamwambia mwulize mwenyewe, mtoto ni wako.

Utashangaa shangazi yako anaandika barua zama hizi. Simu yangu anaishika binti yangu. Eti mwanga wake unaumiza jicho. Nikitaka kuongea na mtu anaiweka spika, anakaa kitako na kusikiliza kama taarifa ya habari. Basi nakuandikia, na barua nampa Nestory, kondakta wa basi, ambaye mama yake namfahamu. Naandika Kiswahili maana Kigujarati chako, mwanangu, kinaniumiza meno.

Sasa jambo lenyewe. Niliondoka Mwanza kwa wiki tatu, na huu ni mwezi wa nne. Zahabia anataka nyumba yangu ifungwe, vyombo vigawiwe, mimi nibaki hapa ghorofa ya tisa mpaka nife kwa adabu. Nimemwambia haiwezi kufungwa, Zain anakaa humo. Ndiyo maana upo hapo. Usidhani ni kwa ajili ya sura yako. Kazi yako ni kuonekana: fungua madirisha ya barazani kila asubuhi, anika kitu kwenye kamba hata kama ni soksi. Nataka kurudi nyumbani kwangu, Zain, na nyumba lazima inisubiri.

Halafu utembee. Mtaa ule haukujengwa kwa ajili ya magari. Sokoni, msikitini, benki, duka la dawa, ziwani, kote ni miguu yako tu. Lakini usimpite mtu hujamsalimia. Dorotea wa uani anauza samaki na anajua kila kitu, mwanzie yeye. Obedi fundi cherehani yuko chini ya ngazi. Msalimie hata akiwa na pini mdomoni, atakujibu kwa nyusi. Mkabala na sisi, ng'ambo ya barabara, kuna duka la nyavu la Shamshudin. Huyo msalimie, upite. Usikae.

Shangazi yako,
Sherbanu


Mtaa wa Rufiji, Mwanza
3 Februari 2026

Shangazi, shikamoo.

Natumaini jicho linaendelea vizuri. Mimi mzima, kazi zangu za kompyuta zinakwenda pale umeme unapotaka. Baba anakusalimia, anasema hujawahi kumjibu vizuri tangu mkiwa watoto.

Shangazi, nyumba yako ni nzuri. Dari ziko juu, upepo unaingia, na kule kwenye paji la jengo mwaka 1937 bado unasomeka, ingawa yule saba amepoteza kichwa. Lakini mtaa wako utaniua. Jumamosi nilishuka kununua mkate. Mkate tu! Obedi akataka kujua hali ya miguu ya baba. Nikamweleza mguu mmoja mmoja. Dorotea akaniuliza mbona nimekonda, na mbona sijaoa, na kama hayo mawili yanahusiana. Pale kona mzee mmoja akaniambia nina mwendo wa babu yangu, akasimama barabarani kunionyesha ulivyokuwa, na mkokoteni wa magunia ukatusubiri. Nilirudi adhuhuri na sato wawili, kadi ya mchango wa harusi ya Mabatini ya watu nisiowajua, na bila mkate.

Siri hakuna. Juzi tumbo lilinisumbua, nikaenda duka la dawa kimya kimya, nimevaa kofia. Niliporudi Dorotea alikuwa ameshachemsha maji ya mchele. Dah! Asubuhi adhana, halafu kengele ya hekaluni, Alhamisi kwaya inafanya mazoezi, na kuna korongo amesimama kwenye paa la jirani ananitazama nikioga. Ndege mkubwa vile, hana aibu.

Hata hivyo, kweli nikwambie, jioni nikishuka mpaka kwenye mawe ya ziwani na kurudi, nalala vizuri kuliko nilivyolala Dodoma miaka yote.

Mzee Shamshudin aliniuliza umefanyiwa jicho lipi. Nikamwambia sijui. Akasema, "La kulia." Sasa kama alijua, aliuliza nini?

Mwanao,
Zain


Upanga, Dar es Salaam
16 Februari 2026

Mpenzi Zain,

Salaam. Tuko wazima wote. Mjukuu mdogo ameng'oka jino, akapigwa picha, na picha imetumwa nchi tatu.

Mwambie Shamshudin macho yangu hayamhusu. La kushoto ndilo bado.

Barua yako nimeisoma chooni, mahali pekee ambapo Zahabia hubisha hodi kwanza. Nilicheka mpaka akauliza kama nahitaji dawa. Wewe unalalamika kusalimiwa! Njoo uone huku. Jana nilisema nataka kutembea. Zahabia akatoa gari, tukakaa kwenye foleni, tukafika mahali pa kutembelea. Nikazunguka duara pamoja na watu waliojiziba masikio, tukaingia garini tukarudi. Hayo ndiyo matembezi. Kwenye lifti nilimwambia kijana mmoja habari za asubuhi, akatazama juu akidhani taa imesema. Najua majina ya watu watatu katika jengo zima, na mmoja wao ni Zahabia.

Naye ameshapanga. Anasema Mei atakuja Mwanza na maboksi, atafunga kila kitu, na wewe utarudi kwa baba yako. Ameshamwambia mumewe, na mumewe amekubali, maana mumewe hukubali.

Ramadhani inaingia wiki hii. Sahani zitaanza kutembea mtaani, nawe unajua adabu yetu, sahani ya jirani hairudi tupu. Weka chochote, hata tende mbili. Ila moja tu, Zain, sikiliza vizuri. Ile ya bati yenye ukingo wa bluu irudishe tupu. Ioshe, ipeleke bila kitambaa, iache kaunta, ondoka. Usiulize.

Sherbanu


Mtaa wa Rufiji, Mwanza
9 Machi 2026

Shangazi, shikamoo. Ramadhani karimu.

Swaumu yangu inakwenda vizuri ukiacha saa tisa alasiri, ambapo namchukia kila mtu. Barua yako ya Februari bado sijaiona. Dorotea anasema Nestory alipitia harusini Shinyanga ikiwa kwenye koti lake, akarudi yeye, koti likabaki.

Mbona hukunitahadharisha kuhusu sahani? Ikikaribia magharibi mtaa mzima uko barabarani na vitambaa. Mama wa jengo la pili analeta kachori. Dorotea ni Mkatoliki na yuko kwenye Kwaresima yake, lakini sato wa kukaanga haachi kuleta. Mimi nimelelewa, sahani hairudi tupu. Nikipewa tambi naweka tende, nikipewa tende naweka tambi. Kuna tende zimeuzunguka mtaa huu tangu mwezi uandame, sasa nazijua kwa sura.

Ijumaa ya juzi nyumba ilikuwa tupu kabisa. Na siku hiyo ndiyo Mzee Shamshudin akapanda ngazi mwenyewe na bajia, kwenye sahani ya bati yenye ukingo wa bluu. Bajia zake, Mungu anisamehe, unaweza kupigilia misumari. Lakini mgeni ni mgeni. Nikaiosha sahani, nikaweka nilichonacho, nikaifunika, kesho yake nikampelekea dukani. Akafunua. Akakaa juu ya furushi la nyavu. Nikadhani ni swaumu na jua. Akaniuliza, "Hii umeleta wewe, kwa mkono wako?" Nikamjibu, "Mimi mwenyewe, kwa niaba ya nyumba." Nilijiona nimesema vizuri sana. Akanishika mkono akakaa nao.

Tangu hapo mtaa umenipenda ghafla. Obedi amenipima suti bila kuniuliza, anasema nitaihitaji. Mama wa kachori akiniona anaziba mdomo kwa mtandio, anacheka. Msikitini nimesogezwa safu ya mbele. Mzee Shamshudin amenyoa ndevu vizuri, amenunua viatu, anapaka rangi milango ya duka, na ananiita mwanangu. Nadhani ni baraka za mwezi.

Zain


Upanga, Dar es Salaam
14 Machi 2026

Zain,

Leo salaam hakuna.

Kwenye sahani ya ukingo wa bluu uliweka nini? Nijibu kwa neno moja. Habari za kachori sitaki.

Sherbanu

Milango amepaka rangi gani?


Mtaa wa Rufiji, Mwanza
23 Machi 2026

Shangazi, shikamoo. Idi mubarak, kama bado unapokea za kwangu.

Sukari.

Najua ulitaka neno moja, lakini naomba nijitetee. Ilikuwa sukari ya kawaida ya dukani. Kitu pekee kilichokuwemo ndani. Nikaimwaga, nikaona inaonekana kidogo, nikaongeza, nikaitengeneza kilima, nikachonga na kijiko ikapendeza. Koti la Nestory lilirudi kutoka Shinyanga kesho yake baada ya mimi kukuandikia. Nilisoma "irudishe tupu" nikiwa nimesimama kwenye ngazi, nikakaa hapo hapo.

Nikamwendea Dorotea. Alicheka mpaka akaweka kisu cha samaki chini. Akaniambia kila kitu. Kwamba tangu mke wa Mzee Shamshudin afariki na eda zote za dunia zipite, kila Ijumaa alikuletea sahani ile, na mtaa mzima unajua ni sahani ya nini. Kwamba kila Jumamosi wewe ulivuka barabara nayo mkononi bila kitambaa, ili kila mwenye macho aone haina kitu. Kwamba kwa watu wetu sisi, ndugu wa kiume wa mwanamke akirudisha sahani ya posa ikiwa na sukari, ukoo umekubali. "Yaani mimi Msukuma nalijua," akasema, "wewe Mhindi mzima hulijui!" Shangazi, mimi nimekulia Dodoma, kwetu sahani ilikuwa sahani.

Siku ya Idi watu walinipa hongera mimi kabla ya kupeana mikono ya Idi. Suti imefika hatua ya mikono.

Nimwambie? Kila asubuhi navaa viatu niende. Nikifika katikati ya barabara ananiita mwanangu, nageuka kama niliyesahau kitu. Naona aibu mpaka naumwa. Ila niambie jambo moja, mzee huyu ana ubaya gani?

Milango ni ya kijani.

Zain


Upanga, Dar es Salaam
2 Aprili 2026

Zain,

Wajukuu wazima. Mimi mzima kwa hasira tu.

Kilima! Ulichonga na kijiko! Ebo, hata msichana wa miaka ishirini aliyekufa kwa mapenzi haweki kilima!

Unauliza ana ubaya gani. Hana. Ni mtu safi, mcheshi, hajawahi kumpunja mvuvi, na alimuuguza mkewe kwa mikono yake. Angekuwa mlevi ningelala usingizi.

Nisikilize, maana haya sitayarudia. Miaka yote ya ndoa na Alkarim, Mungu amrehemu, sikupata kula kabla hajala wala kutoka kabla hajauliza nakwenda wapi. Hakuwa mbaya. Ndivyo ilivyokuwa. Alipokufa nililia, nikamaliza, siku moja nikashuka ngazi na hakuna aliyeniuliza kitu. Nikapita soko la Makoroboi, nikashika vitambaa nisivyovinunua, nikagombana na muuza nyanya kwa raha zangu, nikaenda mpaka kwenye mawe, nikatazama watu wa kivuko wakisukumana, nikarudi nilipochoka. Wewe hujui utamu wake. Nikiolewa ng'ambo nitakuwa mke wa Shamshudin anayepita. Nitakaa kwenye dirisha lake nikilitazama dirisha langu. Na mtaa utacheka, bibi wa miaka sitini na saba na hina.

Na hili je? Jicho lingefanyiwa hapo hapo Mwanza. Jumamosi ile ya mwisho nilimrudishia sahani yake, tupu kama siku zote, akasema, "Ahsante, Sherbanu." Hivyo tu. Sikulala. Sauti yake ilinikaa hapa, chini ya mbavu, na mimi nina umri huu! Niliogopa, Zain. Asubuhi nikampigia Zahabia nikamwambia njoo unichukue, sioni vizuri. Nilijiweka kifungoni mwenyewe na sasa mlinzi wa gereza hataki kunitoa.

Nenda kamwambie. Mwambie mtoto ni mjinga, hakukuwa na neno lolote kutoka kwangu. Sema kwa upole. Usipeleke kitu chochote cha kuliwa.

Sherbanu

Kijani cha majani, au kile cha msikiti?


Mtaa wa Rufiji, Mwanza
20 Aprili 2026

Shangazi, shikamoo.

Huku mvua, mifereji imefurika, Dorotea anauza samaki akiwa amesimama juu ya kreti. Kijani cha msikiti.

Nilikwenda. Nilisubiri wateja waishe, nikamwambia yote, kichwa chini, nikihesabu maboya ya nyavu sakafuni. Hakukasirika. Akaendelea kufunga fundo lake. Akasema, "Nilijua siku ile ile. Sherbanu kuweka kilima? Angekubali angeweka kijiko kimoja cha chai, na angekisawazisha."

Nikamwuliza mbona basi alikaa kimya, akanyoa ndevu, akapaka milango. Akasema, "Mwanangu, mtaa mzima ulinipa hongera. Tangu nimzike mke wangu naambiwa pole tu. Nilitaka nisikie hongera siku mbili tatu, nikajisahau." Hapo macho yalinijaa, Shangazi, nikasingizia harufu ya nailoni mpya.

Kisha akaniuliza kama hutaki kurudi kwa sababu yake. Ungenipa ruhusa ningejibu, lakini nilinyamaza, na yeye si mtoto. Akatikisa kichwa. Akasema, "Basi nitasema mimi ndiye niliyeghairi. Mwanaume akighairi husemwa yeye. Acha waniseme mimi, yeye arudi apite barabarani kwake bila kuinamisha kichwa. Na sahani sitaleta tena."

Na amefanya! Kesho yake, kwenye manyunyu, kavaa vile viatu vipya, kapita duka kwa duka, baraza kwa baraza, kwa miguu yake, akiwaambia kwamba amejiona hafai kuoa na amemwomba Mama Sherbanu radhi. Sasa anatafunwa, we acha tu. Obedi hamsalimii hata kwa nyusi. Mama wa kachori ametema mate chini alipopita. Dorotea anajua ukweli lakini amempa mkia wa sangara badala ya mnofu, anasema hata mtu mwema akiwa mjinga ale mkia.

Mimi nimeshindwa. Kila nikifungua dirisha namwona amekaa peke yake mbele ya milango ya kijani, na ni mkono wangu. Nakwenda Busisi kwa rafiki yangu Shimba, anafuga samaki kule, ana chumba. Zahabia amenipigia, atafika tarehe kumi Mei na ameagiza maboksi. Ufunguo nimemwachia Dorotea. Nisamehe. Kazi uliyonipa ilikuwa kuonekana tu, na hiyo imenishinda.

Zain


Mtaa wa Rufiji, Mwanza
19 Mei 2026

Zain, mjinga wangu,

Salaam kwa huyo Shimba na samaki wake. Mimi mzima, nipo kwangu, nimeketi barazani, na nakuandikia kwa mkono huku simu yangu iko mapajani, yangu mwenyewe, kwa sababu wewe hupokei.

Nilimwambia Zahabia lazima nije naye kuchagua sufuria. Tulitua salama, akakodi teksi, akataka itufikishe mpaka mlangoni. Ikakwama nyuma ya mikokoteni miwili. Nikafungua mlango nikashuka. Zahabia akanifuata na visigino vyake. Kutoka kona mpaka ngazi zetu, unapajua, ni umbali wa kutema mate tu. Ilituchukua mpaka adhana ya adhuhuri.

Na unajua walikuwa wananiambia nini? Pole! Kila mtu! Mama wa kachori alinikumbatia akalia. "Pole mama, wanaume ndivyo walivyo." Obedi alitoa pini zote mdomoni ili aseme pole ya kutosha. Miezi minane nimemkimbia mtu mpaka Dar es Salaam, narudi napewa pole kwa kuachwa naye! Damu ilinipanda mpaka jicho la kushoto likaona.

Naye alikuwepo ng'ambo pale, amekaa mbele ya duka. Aliponiona akasimama, akaingia ndani ili nipite bila kumwona. Hapo ndipo nilipokasirika kabisa. Mtu kajipaka matope mtaa mzima kwa ajili yangu, halafu anajificha nisichafuke! Nikavuka. Mchana kweupe, mkoba mkononi, Zahabia ananiita "Mama! Mama!" Nikasimama mlangoni nikasema kwa sauti ambayo Dorotea anasema aliisikia uani, "Shamshudin! Nani kakuruhusu uniache?"

Mikokoteni ilisimama. Yeye katoka, kashika nyavu, uso umekuwa mwekundu, akasema, "Sherbanu, nilitaka upite salama." Nikamwambia nimepita, na salama yenyewe siioni, sasa kaa chini usikie. Sihami kwangu. Wewe huhami kwako. Hakuna kuniuliza narudi saa ngapi. Bajia huzikaangi tena maisha yako yote. Jioni tutakwenda mpaka kwenye mawe na kurudi, ubavu kwa ubavu, usinitangulie mbele kama polisi. Ukiweza hayo, mwite imamu. Akasema, "Naweza." Kisha akasema, "Hata bajia," maskini, maana zile bajia alijifunza kwa ajili yangu.

Tumefunga ndoa Alhamisi baada ya alasiri, tukatembea kutoka msikitini mpaka hapa, na mtaa mzima nyuma. Walicheka, ndiyo. Wacha wacheke, na mimi nilicheka. Suti yako ilivaliwa na Nestory, imembana kwapani. Aliyeweka sukari hakuwepo, na hilo sijakusamehe.

Zahabia alikaa juu ya boksi, akaniuliza mume gani anakaa ng'ambo ya barabara. Nikamwambia wa kwangu. Akalia kidogo, akasema anaogopa nitaanguka kwenye ngazi siku moja na yeye yuko mbali, na nikajua kumbe muda wote huo ilikuwa hofu, si ubabe. Nikamshika. Jioni Dorotea alimlisha sato, watu wakamwuliza mbona amekonda. Jumapili aliondoka na maboksi yake yakiwa matupu. Sasa ananipigia kila siku, na mimi ndiye ninayeamua kuweka spika.

Rudi. Chumba chako kipo, nimefua mashuka. Daraja lipo, huwezi kusingizia kivuko. Mzee anakuulizia, anataka mtu wa kucheza naye karata mchana, na mimi mchana sipo.

Ila ukija, bisha hodi kwanza. Jana jioni alikuja kunywa chai, mvua ikanyesha, akashindwa kuvuka kurudi kwake. Barabara yenyewe unaijua upana wake. Usimwambie Zahabia.

Shangazi yako,
Sherbanu